Kijiti Alichokitaka Mama Poni

Siku mliyoniaga pale kliniki, keki iliisha kabla hotuba yangu haijafika katikati, na jenereta ikazimika kabla keki haijaisha. Ndiyo maana naandika. Nilikuwa na maneno niliyoyabeba tangu asubuhi, nikarudi nayo nyumbani Gurei, hapa Juba, yakiwa bado ya moto, na mume wangu amekataa kuyasikiliza mara ya pili. Basi yasomeni ninyi mnaobaki kazini, ninyi ambao magoti yenu bado hayatoi sauti mkiinama kuchukua pamba.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopata vingekaa vyote juu ya ncha ya sindano na bado vingebaki na nafasi ya kucheza ngoma. Mshahara nao ni siri kati yangu na Mungu, na yeye mwenyewe nadhani alikuwa akicheka. Nitaandika kuhusu trei, mkono wa plastiki, Sista Nyambura, na binti mmoja aitwaye Keji ambaye mama yake alitaka tumwekee kijiti cha kuzuia mimba siku hiyohiyo, kabla ya chai.

Niliporudi kutoka Uganda nilikuwa na watoto, magodoro na elimu ya msingi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba sanduku la barafu la chanjo. Nililibeba mpaka bega langu la kulia likashuka, na hadi leo gauni lolote nikivaa linaegemea upande. Hapo ndipo nikaamua kusoma shule ya jioni. Darasa letu lilikuwa na askari, wauza mkaa, na mchungaji mmoja aliyekoroma kwa sauti ya kuongoza nyimbo. Mwalimu wa hesabu alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu. Wenzangu wa rika langu walikuwa tayari wanaitwa habuba na wajukuu zao, mimi naandika insha juu ya likizo yangu. Nilipofaulu nilipiga vigelegele, na nawaambia ukweli mtupu, mbwa wote wa mtaa wa Jebel waliitikia. Kutoka hapo nikaingia mafunzo ya ukunga, na kutoka mafunzo nikaletwa chumba cha uzazi wa mpango, kile chenye pazia la maua.

Mkuu wa chumba alikuwa Sista Nyambura, mkunga wa Kenya, mwembamba, mwenye soksi nyeupe ambazo vumbi la Juba liliziogopa. Siku yangu ya kwanza aliweka mezani trei ya njia zote za uzazi wa mpango, akakaa kwenye kiti cha mteja, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine.

"Haya. Mimi ni mteja. Nisaidie kuchagua njia."

Nikafungua mdomo, na mafunzo yote yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka. Vidonge, kila siku saa ileile. Sindano, kila miezi mitatu. Vijiti vya mkononi, miaka kadhaa. Kitanzi cha tumboni, miaka mingi zaidi. Kondomu, ambayo peke yake inazuia na magonjwa. Nilitaja faida, nikataja maudhi, nikataja hata kiwanda. Sista Nyambura alikuwa anakunywa chai. Alikunywa mpaka akafika kwenye majani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Sista."

"Sasa mimi niko na watoto wangapi?"

Nikaitazama trei.

"Niko na presha? Nanyonyesha? Bwana yangu anajua nimekuja hapa? Nalala na nani chumba kimoja, na huyo mtu anapekua mkoba wangu?"

"Sijui, Sista."

"Si ungeniuliza, msichana wangu?"

Nilikuwa na mvi tatu zinazoonekana na nyingine nilizozificha chini ya kitambaa, lakini aliniita msichana wangu, na kwa jina hilo ningemfuata mpaka Nairobi kwa miguu. Utaratibu wake ndio niliowafundisha ninyi mpaka mkauchoka: kwanza uliza nyumba, kisha uliza mwili, ndipo ufungue trei. Na wakija mama na binti, wasikilize pamoja, halafu kila mmoja peke yake, halafu pamoja tena. Yeye alimtoa mama nje kwa njia rahisi sana. Alimwambia, "Mama, nenda kwa yule dada wa shai hapo chini ya rakuba, kunywa chai polepole, hesabu ya chai ni yangu." Hakuna mama wa Juba anayekataa kukaa kwenye kibanda cha mabati chenye kivuli na kikombe mkononi. Mama akitoka, binti anapumua.

Vifaa vyetu navyo vina historia. Ule mkono wa plastiki wa kujifunzia kuweka vijiti uliletwa na wafadhili, nao ulikuwa wa rangi ya kizungu, waridi kabisa, kama umetoka kuoshwa. Kwa miaka mingi kila mteja wa pili aliniuliza kama vijiti vinashika na kwenye ngozi yetu. Nikaupaka rangi ya viatu, ya kahawia. Ukapendeza, ila kila aliyeushika aliondoka na vidole vyeusi, na nyumba nzima ya kwao ikajua alikotoka. Ikabidi niuoshe. Kile kifaa cha mbao cha kuonyeshea kondomu tulimwagiza seremala wa soko la Jebel. Kwa aibu sikumweleza ni cha nini, nikachora tu kwenye karatasi. Akadhani ni mchi wa kutwangia karanga, akakichonga kwa kipimo cha mchi. Wanaume walioletwa na wake zao walikitazama, wakavua kofia.

Uvumi tulioupokea pale ungetosha kujenga barabara ya pili hadi mpakani Nimule. Kwamba kijiti kinasafiri mpaka moyoni. Kwamba vidonge vinarundikana tumboni kama kokoto. Mzee mmoja aliapa mbele yangu kwamba kitanzi cha mkewe kilikuwa kinashika matangazo ya redio. Nilimuuliza kituo gani. Msiwacheke watu sana, lakini mkicheka, chekeni nao. Nimeona mtu akiacha hofu katikati ya kicheko ambaye mahubiri yangu ya nusu saa hayakumtikisa.

Wakati Keji alipokuja, Sista Nyambura alikuwa ameshakwenda kwao kustaafu na mimi ndiye niliyekaa nyuma ya pazia. Mama yake aliingia kwanza. Alikuwa mwanamke mpana, muuza samaki wa kukausha pale Jebel, na kitambaa chake cha lawa kimefungwa begani kama mtu anayekwenda kupigana. Nyuma yake alikuja binti mrefu wa miaka kumi na saba, sare ya shule, mikono ya sweta ameivuta mpaka kwenye vidole, na jua la siku ile lilikuwa la kukaanga yai barabarani.

"Ya Sista," mama alisema kabla hajakaa, "mimi naitwa Mama Poni. Naishi Lemon Gaba. Huyu iko Keji, binti yangu wa pili. Wekea yeye kile kijiti cha mkono. Kile cha miaka mingi. Weka leo, kalas, nirudi kwa samaki yangu."

"Karibu, Mama Poni. Kaa kwanza. Keji naye akae."

"Yeye atasimama tu. Yeye iko na miguu."

"Na mimi niko na shingo, Mama. Sitamtazama juu hivi kama ndege."

Keji akakaa, na nikaona kona ya mdomo wake ikicheza kidogo. Nilimuuliza mama kwa nini kijiti. Akanieleza, na alipoeleza sauti yake iliyokuwa ya sokoni ilishuka polepole. Poni, binti yake wa kwanza, alikuwa na kichwa cha kusoma kuliko wavulana wote wa mtaa. Akapata mimba akiwa Senior Two. Mvulana alikwenda, watu wa mvulana wakakana. Sasa Poni yupo nyumbani, mtoto wake anatembea, na vitabu vyake vinafunikia mtungi wa maji.

"Watu wananiita Mama Poni, Sista. Kila siku wananiita. Kila wakiita mimi nasikia ile siku." Akamtazama Keji. "Huyu iko Senior Four. Mtihani uko mbele. Mimi sitaki kuongea tena, sitaki kulinda mlango tena. Nataka kitu cha kufunga."

Mnaona. Hakuja kutafuta njia, alikuja kutafuta kufuli. Wengi wanaoleta mabinti huja hivyo, na ni mapenzi, msiwakasirikie. Tena kijiti chenyewe ni kitu kizuri. Kwa binti wa shule asiye na tatizo jingine, ningekitaja cha kwanza: hakuna cha kukumbuka kila siku, hakuna cha kuficha chini ya godoro, na siku akitaka kukitoa kinatolewa.

Nikauliza mwili. "Ana ugonjwa wowote? Kifua? Presha? Kichwa kinachouma upande mmoja mpaka macho yanaona nyota?"

"Hapana. Mzima kabisa."

"Anatumia dawa yoyote?"

"Dawa ya nini? Huyu iko na nguvu kama ng'ombe. Hata malaria inamuogopa."

Alijibu upesi mno, na alijibu huku akitazama pazia. Keji naye alivuta mkono wa sweta ukazidi kushuka. Nikamwambia mama maneno ya Sista Nyambura kuhusu chai na kivuli. Alisita, akanitishia kwa kidole kwamba nisimtie binti yake maneno, kisha akatoka.

Nilifunga kipimo cha presha kwenye mkono wa kulia wa Keji. Ilibidi apandishe sweta. Hapo ndipo nikaona kovu, la moto, linang'aa, limeanzia kiganjani likapanda hadi karibu na kiwiko. Nyumba zetu zote zinapika kwa mkaa, na kila binti wa Juba ana alama yake ya sufuria. Lakini mtu akiguswa na moto huuchomoa mkono upesi, hata akiwa usingizini. Kovu la Keji lilikuwa la mkono uliobaki motoni.

Sikulitaja. Nilimuuliza kwanza yeye anataka nini.

"Mimi?" Alishangaa kama nimemuuliza bei ya ndege. "Nataka kumaliza shule, Sista. Na nataka mama aache kunusa sare yangu nikirudi."

"Anainusa?"

"Ananusa, wallahi. Kama samaki zake."

Tulicheka wote. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ileile, kama kuna mtu. Alitazama viatu vyake. Akasema kuna mmoja, wa kanisani, wanaongea tu, hawajafanya kitu.

"Nikimwambia mama hatujafanya kitu, hasadiki. Nikimwambia siku moja labda, atakufa."

"Na wewe mwenyewe, unataka njia au umeletewa njia?"

Alifikiri. Nilipenda vile alivyofikiri, hakukimbilia jibu la kunifurahisha. "Nataka. Lakini iwe yangu. Siyo adhabu ya Poni."

Nikamwambia hilo ni jibu zuri kuliko mengi niliyopewa na watu wazima. Nikamwambia pia kwamba njia yoyote atakayochagua si ruhusa ya mtu mwingine juu ya mwili wake. Hapana yake inabaki kuwa hapana, hata kliniki nzima ikiwa imemchoma sindano. Halafu nikagusa kovu kwa kidole kimoja.

"Ulianguka?"

Nje tulimsikia mama yake akimfokea dada wa chai kuhusu sukari.

"Nilianguka," alisema mwishowe. "Wakati wa kupika. Sikumbuki moto. Nakumbuka tu Poni ananivuta."

"Unaanguka mara nyingi?"

"Zamani. Sasa hapana, tangu nianze vidonge." Akashtuka, akafunika mdomo. "Sista, usimwambie mama nimesema. Mama amesema hata daktari asijue. Watu wa baba wakisikia kifafa, hakuna atakayekuja kuniposa. Watasema ni laana, wataniondoa shule, watasema kichwa kibovu kinasomea nini."

Vidonge vyenyewe, akanieleza, vinakaa ndani ya kopo la majani ya chai. Mama hununua kwenye duka la dawa upande mwingine wa mji, mahali ambapo hakuna anayenunua samaki wake. Nikamuuliza kama anajua jina. Alilijua vizuri, herufi kwa herufi: kabamazepini.

Sasa niwaulize ninyi wa vyeti vipya: mnaona tulipokuwa tumefika? Kabamazepini inafanya ini kuharakisha kuvunja homoni. Vidonge vya kuzuia mimba vinapungua nguvu. Kijiti nacho kinapungua. Mama Poni angeondoka pale akiwa na amani, akidhani mlango umefungwa, na mlango ungekuwa wazi kidogo kila siku. Na Keji angepata mimba akiwa na kijiti mkononi, na hakuna mtu duniani ambaye angeamini kwamba hakukitoa mwenyewe. Siri iliyofichwa ili binti aolewe vizuri ndiyo ingemwangusha kama dada yake. Huko nje wanafikiri wateja wanatuficha wanaume. Wanaume wanawataja bila kuulizwa, na jina la ukoo. Wanachoficha ni magonjwa.

Lakini nilikuwa nimeombwa nisiseme, na nisingesema. Siri ya mteja ni ya mteja, hata mama aliyemzaa akiwa nje anapiga kelele za sukari. Nilimwambia Keji, "Sitasema ulichoniambia. Ila sitamwekea mtu kijiti nikijua hakitamlinda. Niruhusu niongee na mama kama ninavyoongea na kila mtu. Ukitaka kusema, utasema. Usipotaka, tutachagua njia nyingine na sababu nitaimeza." Akatikisa kichwa kukubali, lakini rangi ilikuwa imemtoka.

Mama Poni akarudi, mdomo bado una chai. Niliuchukua ule mkono wa plastiki nikauweka mezani. Nikaanza kueleza kijiti kwa mapana, mahali kinapowekwa, ganzi, kidonda kidogo kama cha kucha ya paka. Nikaeleza damu inayoweza kubadilika. Kisha nikasema, nikiupangusa mkono kwa pamba kama vile ulikuwa na homa, "Na kila mteja namwambia hili. Kuna dawa zinazokula nguvu ya kijiti. Baadhi ya dawa za kifafa. Baadhi za kifua kikuu. Baadhi za virusi. Mtu akiwa nazo, kijiti kinaweza kukaa pale na mimba ikaingia. Hatumlaumu, hatumfukuzi. Tunachagua kingine tu."

Nikanyamaza. Ninyi mnanijua. Mimi kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kuzalisha mapacha waliokaa vibaya. Nilipangusa mkono ule wa plastiki mpaka nadhani ukapungua unene. Mama Poni aliutazama. Keji aliwatazama samaki wa kuchorwa kwenye kitambaa cha mama yake.

"Ile ya kwanza," Mama Poni alisema.

"Ipi, Mama?"

"Ile uliyosema kwanza. Ya kifafa." Alisema neno hilo kwa pumzi tu. "Kama mtu anakunywa. Kijiti haimlindi?"

"Inategemea dawa ipi. Lakini kwa nyingi, hapana, hakimlindi vya kutosha."

"Hata akiomba Mungu?"

"Mungu anasikia, Mama, lakini ini nalo lina kazi yake."

Alikaa pale na nikaona mapambano usoni mwake. Miaka yote ya kopo la chai, safari zote za duka la mbali. Alimtazama binti yake, na nadhani wakati ule aliona Keji hashangai, na kwa hiyo akajua Keji ameshasema. Nilijiandaa kumkinga mtoto. Mama mpana vile, mkono wake mmoja ungetutosha sote.

"Umemwambia?"

"Sista aliona mkono wangu, mama."

"Nimekuuliza, umemwambia?"

"Nimemwambia." Aliinua kidevu. "Nimechoka kuwa mzima kabisa."

Mama Poni hakumpiga. Alivuta ule mkono wenye kovu, akapandisha sweta lote hadi begani, akalishika kovu kwa viganja viwili vyenye harufu ya samaki, akaanza kulia bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. "Mimi nilikwenda kuchota maji tu," aliniambia. "Maji tu, Sista. Nikarudi nikakuta ngozi imeungua." Keji akamwambia, "Malesh, mama. Pole, mama," kama vile yeye ndiye mkubwa.

Tulipomaliza machozi tukaanza kazi, kwa sababu machozi hayazuii mimba. Nikafungua trei. Kitanzi cha shaba, nikaeleza, hakina homoni, dawa ya kifafa haikigusi, kinakaa miaka mingi. Keji akakishika, akakigeuza, akakirudisha kwa heshima zote. Akasema hedhi yake tayari ni nzito na inamuuma, na kupimwa ukeni kabla ya kuwekewa kunamtisha. Nilimwambia sababu zote mbili ni halali, na kitanzi cha shaba kweli kinaweza kuzidisha damu. Kisha sindano. Ile ya miezi mitatu, dawa zake za kifafa haziigusi; nguvu yake haipungui. Lakini nikamweleza na ubaya wake: damu inaweza kuja ovyo mwanzoni kisha ikapotea kabisa, wengine wananenepa, mifupa ya binti mdogo inapungua nguvu kidogo akiitumia na kwa kawaida hurudi akiacha, na akiacha, uzazi unaweza kuchelewa miezi kadhaa kurudi.

"Atazaa?" mama aliuliza.

"Atazaa, Mama. Akitaka."

"Nitasoma?" Keji aliuliza.

"Hilo sindano haifanyi. Hilo utafanya wewe."

"Nataka sindano," alisema.

Mama akafungua mdomo. Nilimwona akitaka kutaja tena ile miaka mingi. Kisha akaufunga, na nadhani hiyo ndiyo sadaka kubwa zaidi iliyotolewa Juba wiki ile. Aliuliza tu nani atakumbuka siku ya kurudi. Keji akasema yeye. Mama akasema yeye pia. Wakabishana nani ana kichwa cha kukumbuka, na nikajua mambo yatakwenda.

Nilipima kwanza kuhakikisha hana mimba, nikachoma. Nikampa na kondomu, nikaeleza ni kwa ajili ya magonjwa, na Mama Poni akageuka kusoma bango la kunyonyesha kwa bidii ya ajabu, ingawa alikuwa amelishika kichwani akilitazama ukutani tangu aingie. Jambo la mwisho nililomwambia Keji, nalo msilisahau kwa wasichana kama yeye: siku utakapofika wakati wa kutaka mtoto, njoo kwanza tuongee kuhusu vidonge vyako vya kifafa, kabla, siyo baada. Na vidonge hivyo usiviache hata siku moja kwa sababu ya kitu chochote utakachosikia mtaani.

Walirudi. Mara ya kwanza walirudi wote wawili, wakiwa wamebishana tangu Lemon Gaba, na damu ilikuwa imekuja ovyo kama nilivyosema, na mama alikuwa ameshaanza kulaumu serikali. Nilimtuliza. Mara nyingine Keji alikuja peke yake kwa bodaboda, na vitabu mgongoni, akaniambia mama amekwenda shuleni kuongea na mwalimu wa darasa. Kuongea nini? Kuhusu kuanguka, akasema. Ili siku ya mtihani, kama itatokea, wasimmwagie maji wala kumtia kijiko mdomoni, wamlaze ubavu tu na wamsubiri. "Aliongea mwenyewe, Sista. Alitaja jina la ugonjwa. Mwalimu akasema kaka yake naye anao." Alikuwa anatabasamu huku amekunja mikono ya sweta mpaka kwenye kiwiko, joto lote la Juba likimpiga kwenye kovu.

Mara ya mwisho kuwaona nikiwa kazini ilikuwa baada ya mitihani kwisha. Keji alikuwa amefanya karatasi zote, hakuanguka hata mara moja, na alikuwa na maringo ya mtu anayesubiri matokeo mazuri. Benchi la nje lilikuwa limejaa. Nilikuwa nyuma ya pazia namaliza na mteja mwingine, na nikasikia sauti ya mama mgeni, aliyekuja na binti yake, ikimwambia muuguzi wa mapokezi, "Huyu ni mzima kabisa. Hatumii dawa yoyote."

Halafu nikasikia benchi likilia chini ya uzito, na sauti ya soko la samaki ikijaza kliniki nzima mpaka kwa wale waliolazwa.

"Dada, karibu kaa hapa. Mimi ni Mama Poni. Huyu iko binti yangu Keji. Iko na kifafa na iko amemaliza Senior Four. Sasa wewe mwambie Sista dawa zote. Zote, hata ile ya kwenye kopo."

"Mama!" Keji alisema. "Wallahi, mama, watu wote wanasikia!"

"Wasikie," alisema Mama Poni. "Sogea, mpe mtoto wa watu nafasi."

Nyuma ya pazia nilisikia binti wa yule mama mgeni akianza kuongea, kwa sauti ndogo sana, na benchi zima likanyamaza kumsikiliza.